Mzima Achimbe Mizizi

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliofunga tangu juzi. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Zamani hizo, zamani za kale, kulikuwa na nyika kavu. Vumbi asubuhi, vumbi jioni. Vumbi hilo lilileta pumu. Ikikushika, kifua kinabana, unapumua hwii, hwii, hwii, na hewa haitoshi.

Dawa ilikuwepo. Mganga Nungunungu alichemsha mizizi, mgonjwa akanywa, kifua kikafunguka. Lakini mizizi yenyewe ilikuwa chini sana, na ardhi ngumu kama jiwe. Basi mfalme Tembo akakusanya wanyama wote, akatoa sheria. Sheria fupi, ili hata wewe unayesinzia hapo uikumbuke:

Aliye shule, apewe dawa.
Aliyetoka shule, apewe dawa, mpaka apate malisho yake.
Mzima achimbe mizizi.

Wote wakasema, "Sawasawa!" Tembo akamweka Kasuku mlangoni kwa Nungunungu ailinde sheria. Kwa nini Kasuku? Kwa sababu Kasuku hasahau. Ni kweli, hasahau. Kuelewa ni jambo lingine.

Sasa, alikuwepo binti mmoja, Digidigi. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine. Tangu utotoni Digidigi alikuwa na pumu. Kila wiki, akitoka darasani kwa Mwalimu Kanga, alipita kwa Nungunungu. Kasuku akimwona tu husema, "Aliye shule, apewe." Anakunywa, anapumua, anakwenda zake akirukaruka, tiki tiki tiki.

Siku ya siku, shule ikaisha. Mwalimu Kanga akawaaga wanafunzi wake. Akasema, "Wanangu, jana mlikuwa watoto. Leo ninyi ni wazima!" Vigelegele vikapigwa. Na Kasuku alikuwa juu ya tawi. Akasikia, akalihifadhi neno.

Wiki ile Digidigi akaenda kunywa dawa.

"Shikamoo, Bwana Kasuku."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Dawa yangu ya kifua. Hwii, hwii."

Kasuku akanyoosha shingo, akasema yote bila kukosea: "Aliye shule, apewe dawa. Aliyetoka shule, apewe dawa, mpaka apate malisho yake. Mzima achimbe mizizi. Nenda kachimbe."

"Lakini Bwana Kasuku, mimi nimetoka shule. Na malisho sina, bado nakula nyuma ya mama."

"Juzi Mwalimu Kanga alisema ninyi ni nani?"

"Alisema sisi ni wazima."

"Na mfalme alisema mzima afanye nini?"

"Achimbe mizizi," Digidigi akajibu. Alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri habishani na mkubwa. Akageuka, akaondoka.

Nyumbani mama akamuuliza, "Vipi, mwanangu? Umepata dawa?"

"Wamesema mimi ni mzima, mama. Nikachimbe mizizi."

Lo! Mama akaruka. "Mzima! Mwanangu mzima! Miaka yote hii nalala sikio wazi, nasikiliza kifua chako. Leo mganga kasema mzima!" Akacheza, akaimba, akawaita majirani. Digidigi akamtazama mama yake jinsi alivyofurahi, akakosa moyo wa kumwambia kwamba kifua bado kinabana. Ah, huyu mtoto! Kila nikifika hapa hunikasirisha, halafu hunitia huruma.

Kesho yake akaenda kuchimba. Chimba, chimba. Kho! Kho! Vumbi likapanda, likaingia puani, likaingia kifuani. Kwato za Digidigi si jembe. Jioni akarudi, ameacha shimo la shibiri moja tu. Mama akamsikia akikohoa. Akasema, "Pole, ni vumbi la kazi hilo. Litaisha."

Siku ya pili, chimba, chimba. Kho! Kho! Hwii!

Siku ya tatu akaenda tena, na mama naye akatoka. Akachuma majani mabichi, akayafunga vizuri, akaenda kwa Nungunungu kushukuru.

"Ahsante, mganga. Ahsante kwa kumponya mwanangu."

Nungunungu akashangaa. "Nani kamponya? Mwanao sijamwona tangu atoke shule. Nilidhani mmehama."

"Si ulisema ni mzima?"

Nungunungu akamwita Kasuku. Kasuku akaja, akanyoosha shingo, akasema sheria yote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Naye alishakuwa mzima. Mwalimu mwenyewe alitangaza."

"Kasuku," mganga akamuuliza polepole, "mzima wa umri, au mzima wa mwili?"

Kasuku akafungua mdomo. Akaanza tena, "Aliye shule, apewe dawa..." Jibu la swali lile hakuwa amelikariri.

Mama hakungoja. Akakimbia, na Nungunungu nyuma yake amebeba kibuyu. Mbio, mbio, mbio mpaka shimoni. Wakamkuta Digidigi amelala ubavu, kwato za mbele zimepasuka. Chini ya shimo mzizi ulikuwa umeanza kuonekana, kiasi cha ncha ya kidole. Mama akamtia dawa mdomoni. Dawa ikamiminika, ikaingia mchangani. Hakuwa na pumzi tena.



Tembo akaita baraza. Kasuku akalia, "Ewe mfalme, sikuongeza neno, wala sikupunguza neno!"

"Kweli hukupunguza neno," Tembo akasema. "Umetupunguzia mtoto. Na mimi nimo. Nilisema neno lenye midomo miwili, nikaenda zangu kulala."

Mwalimu Kanga akasimama, machozi yanamtoka. "Niliwafundisha kuhesabu. Niliwafundisha kuimba na kusalimia. Siku ya kuwaaga niliwaambia wamekua. Sikuwaambia kwamba dawa bado ni yao."

Tembo akamgeukia mama. "Sema, dada yangu. Tukulipe nini?"

Mama Digidigi akasema, "Mtalipa nini nyie? Mlango ule ulikuwa wazi kwake. Haki ilikuwa yake. Kasuku alimwambia alichokisema mfalme, akamwambia alichokisema mwalimu. Muulizeni kama alimwuliza yeye anaumwa wapi."

Wakamgeukia Kasuku.

"Sikumwuliza," Kasuku akasema.

Basi, wanangu, na ninyi wazazi wao, shikeni hili. Kijana akitoka shule hajatoka mikononi mwetu. Aambiwe haki yake siku hiyohiyo anayoagwa, kwa maneno asiyoweza kuyakosea. Anayelinda sheria aielewe, asiikariri tu. Na wewe kijana, ukinyimwa kilicho chako, rudi ukaseme. Heshima haikatazi kuuliza.

Hadithi yangu imekomea hapo, penye shimo lile. Nendeni mkalale, na anayekohoa aje kwanza nimsikilize.