Jalada la Fisi

Paukwa.

Pakawa.

Mmekaa?

Tumekaa.

Aliye mbele apishe, na wa nyuma waone.

Tumepisha.

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana kompyuta zilikuwepo, wanyama wa bonde moja walikuwa na jarida lao, Bonde Letu. Walikuwa na desturi: atakayetokea kwenye jalada la kiangazi ndiye atakayelinda kisima na kuamua nani anywe, mpaka mvua inyeshe. Na jalada likishachapwa, halibadilishwi. Mwaka ule walikubaliana kulinda wote, kwa hiyo wakapiga picha ya pamoja kisimani.

Mtengeneza majalada alikuwa Kinyonga. Mzito wa miguu, lakini rangi alizijua tangu akiwa ndani ya yai.

Siku ya kutengeneza jalada, Fisi akaja, akasimama nyuma ya kiti chake. Haa, haa, akapumua. Kinyonga akaweka jicho moja kwenye kioo cha kompyuta, la pili kwenye meno.

"Mfute Paa," Fisi akasema.

"Bwana mkubwa, Paa ananyonyesha. Atakunywa wapi?"

"Mfute, au nikufute wewe."

Tik, tik. Paa akafutika. Fisi akataka Kanga naye afutwe. Tik, tik. Kanga akafutika na vifaranga vyake, na wengine wote wakafuata mmoja mmoja. Kisha Fisi akainama, akanusa kioo.

"Na hicho kijani kwenye tawi?"

Kilikuwa Kinyonga mwenyewe. Tik, tik. Akajifuta. Kwenye picha akabaki Fisi peke yake, na Kinyonga akaona kiangazi chote kilivyo: Fisi anaoga kisimani, wenzake wanalamba tope.

"Sasa nikuze," Fisi akasema.

Buruuu, Kinyonga akaivuta picha, Fisi akakua.

"Nikuze tena."

Buruuu. Fisi akakua, akapita mstari mwembamba uliozunguka ukurasa. Kinyonga akautazama ule mstari, na jicho lake la pili likaacha meno.

"Bwana mkubwa," akasema kwa adabu, "hapa kuna mstari. Ni mpaka."

"Mpaka wa nani? Mimi siwekewi mpaka. Nikuze."

Buruuu. Fisi akajaa kioo kizima, masikio huku, mkia kule. Mstari ukabaki katikati yake, mdogo kama kiraka. Kinyonga akauliza kama amsogeze kidogo. Fisi akajibu popote, mradi awe mkubwa. Basi Kinyonga akamsogeza polepole, kwa mwendo wake ule ule, mpaka tundu moja la pua likakaa sawasawa ndani ya mstari.

"Andika chini: Huyu ndiye mlinzi wa kisima."

Akaandika, ndani ya mstari.

"Chapa."

Kreee, kreee, mashine ikachapa kilichokuwa ndani ya mstari. Fisi hakungoja. Alikwenda kuchukua kiti chake cha kukalia kisimani.

Alipofika kisimani, wanyama walikuwa wameshalizunguka jarida. Waliona shimo jeusi la mviringo, lenye unyevu, na nyasi chache ukingoni.

"Ni kisima chetu," Kanga akasema. "Hata maji yanang'aa."

Mama Kobe, mhariri, akavaa miwani na kusoma: Huyu ndiye mlinzi wa kisima. Akatangaza kwamba mwaka huu kisima kinajilinda chenyewe, na kila mtu anywe.

"Ile ni pua yangu," Fisi akasema.

Wakaitazama pua yake, wakalitazama jalada, wakacheka hadi Paa akakaa chini. Fisi akataka lichapwe upya.

"Mwanangu," Mama Kobe akasema, "likishachapwa halibadilishwi. Kunywa maji, upoe. Foleni inaanzia kule nyuma."

Kinyonga alikuwa ameshafika majini, kwa mara ya kwanza maishani, kabla ya wengine.

Funzo lake ni hili, watoto: watiini wakubwa wenu. Watiini kabisa, msipunguze hata kidogo.

Hadithi yangu imefika ukingo wa ukurasa. Anayetaka kuikuza na aikuze, ila akibaki na pua asinilaumu.