Neno Alilodaiwa Sheikh Nuaim

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale uliozungushiwa boma la mawe aliishi mcha Mungu aitwaye Sheikh Nuaim bin Tarif. Alisifika kwa kuuchunga ulimi wake. Hakusengenya, hakubishana, wala hakujibu tusi. Watu wakampenda kwa hilo, wakamtia katika baraza la mji, lile lililoamua nani ajenge wapi na nani ahame. Sijui walifikiri nini, maana baraza si mahali pa mtu asiyependa kusema.

Desturi ya baraza ilikuwa hii: mkuu akishaeleza shauri, huuliza, "Yupo mwenye neno?" Asipopatikana msemaji, shauri limepita, na kila aliyenyamaza amehesabiwa kuwa ameridhia.

Ikatokea misafara ikazidi, ngamia wakakosa pa kulala. Mkuu wa baraza, Bwana Mughira, akataka mtaa wa watengeneza ngozi uliokuwa karibu na lango ubomolewe, pajengwe mazizi. Wenyeji wangepewa nyumba upande wa pili wa mji, mpya na kubwa zaidi. Na kweli zilikuwa kubwa, tusimsingizie.

Katika mtaa ule aliishi mzee Shuaibu, muadhini, pamoja na mkewe Bibi Rabaa. Mzee alikuwa kipofu tangu utoto. Lakini nyumba za mtaa zilishikana, na ukuta wa nyumba hizo ulitoka mlangoni kwake hadi msikitini pasipo kukatika. Kila swala aliweka kiganja ukutani akaenda peke yake, wala hakuna aliyewahi kumshika mkono. Ukuta ulikuwa umelainika pale kiganja chake kilipopita.

Bibi Rabaa aliposikia habari ya kubomolewa, alikwenda kwa Sheikh Nuaim.

"Sheikh wangu," alisema, "sikuja kuililia nyumba. Nyumba ni udongo. Lakini ukuta ule ndio macho ya mume wangu. Wakiuvunja atakuwa kipofu mara ya pili, na adhana yake itakoma. Kesho watakapouliza yupo mwenye neno, tusemee."

"Inshallah, mama," alijibu Sheikh, naye alikuwa amekusudia kweli.

Kesho yake Bwana Mughira aliuliza swali lake. Sheikh Nuaim alilisikia vizuri. Akautazama uso wa mkuu, akauona umekunjamana, akainamisha macho. Akajiambia kwamba mabishano hayana kheri, na kwamba ulimi uliotulia uko salama mbele ya Mola wake. Tasbihi ikaendelea kuzunguka vidoleni. Shauri likapita.

Walipotoka, mjumbe mmoja akamwambia mwenzake, "Mashallah, Nuaim huyu sijapata kumsikia akigombana na mtu." Sheikh aliyasikia maneno hayo, akaona haya.

Mtaa ukabomolewa. Nyumba mpya zilijengwa zikiwa zimetengana, kila moja na uwanja wake, kwa kuwa ndiyo fahari ya wajenzi. Alfajiri ya kwanza mzee Shuaibu hakutaka kumwamsha mkewe. Akatoka, akanyoosha mkono, asiguse kitu. Alitembea hivyo mpaka akapotea kabisa, na wakati wa swala ulipoingia akasimama pale pale katika vumbi la njia ya ngamia, akaadhini, akiwa ameupa msikiti kisogo.

Sheikh Nuaim aliisikia sauti hiyo ikitoka mahali pasipo pake, akalia. Akaenda, akamwekea mzee kiganja begani pake, akamwongoza hadi msikitini. Tangu siku hiyo akawa akimpitia kila swala, na mzee akiweka kiganja chake juu ya bega la Sheikh kama alivyokiweka ukutani. Lakini baraza lilikwisha kumteua muadhini mwingine, kwa kuwa Shuaibu hakuweza tena kufika mapema.

"Mwenyezi Mungu akulipe," mzee alimwambia siku moja njiani. "Rabaa aliniambia kwamba alikuja kwako. Najua ulitusemea, ila walikushinda."

Sheikh alifungua kinywa, akakifumba. Kunyamaza kule kwa pili kulikuwa kubaya kuliko kule kwa kwanza. Kila siku alitoka kwake akisema leo nitamweleza, na kila siku mlango wa msikiti ulifika kabla ya neno. Na mzee akazidi kumwombea dua.

Hata asubuhi moja akabisha hodi, Bibi Rabaa akafungua akiwa amejifunika uso kwa ushungi. Sheikh akajua kwamba bega lake halitahitajika tena.

Jeneza lilipowekwa mbele ya safu, imamu akauliza kama ilivyo ada, "Yupo anayemdai marehemu?"

Watu wakanyamaza. Bwana Mughira alikuwa safu ya mbele. Sheikh Nuaim akatoka, akasimama kando ya jeneza.

"Mimi simdai," akasema. "Yeye ndiye anayenidai. Ananidai neno la barazani. Nilimnyima si kwa kumcha Mungu, bali kwa kumwogopa mtu. Kisha nikamwacha anishukuru mpaka amekufa. Neno lenyewe ni hili: siridhii."

Bwana Mughira aliinamisha kichwa. Yasemekana tangu hapo baraza liliacha ile desturi, na kila mjumbe akatakiwa kutamka kwa kinywa chake kwamba ameridhia au hakuridhia. Mtaa haukurudi. Ngamia walikuwa wamekwisha kulala pale.

Baada ya maziko Sheikh alikwenda kuomba radhi. Bibi Rabaa akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, Sheikh wangu. Ulimwongoza mume wangu, nami sitakusahau kwa hilo." Kisha akasema, "Wamenieleza ulivyosema pale kwenye jeneza. Kumbe neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo."

Ndugu zangu, Sheikh Nuaim aliishi miaka mingi baada ya hapo, na inasemwa kila alipopita penye ukuta alikuwa akiugusa. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na Shuaibu, na atujaalie kulisema neno la haki angali hai yule anayelingoja.