Mguu wa Pimbi kwenye Vyungu vya Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa chungu!"

"Ndani ya chungu?"

"Togwa!"

"Juu ya chungu?"

"Mguu wa mtu!"

"Mguu wa nani?"

"Tuambie wewe, Bi Sikudhani!"

Haya basi, sogeeni wanangu. Na wewe mwenye tai, usijifanye umeshakuwa meneja, kaa chini kama wenzako. Mwalimu wenu wa maadili ya biashara leo hajatokea, sijui kapatwa na nini, na mimi mpika togwa wa kantini siwezi kuona vijana wazima wanapiga miayo tu. Nitawafundisha mimi. Cheti sitoi, lakini mtacheka.

Hapo kale, huko porini, palikuwa na Kiboko. Jamani, Kiboko! Tumbo hili hapa, shingo hakuna, mdomo kama mlango wa ghala. Alikuwa na kiwanda cha togwa kando ya mto, na pori zima lilikunywa kwake. Masika togwa ilikuwa nzito, tamu. Kiangazi kikiingia mtama unapungua, Kiboko anaongeza maji. Mtama ukipungua tena, Kiboko anaongeza maji tena. Maji ya wapi? Ya dimbwini. Dimbwi gani? Lile lile analoogea yeye mwenyewe, anamojisaidia yeye mwenyewe! Mnaguna? Guneni, bado hamjasikia kitu.

Sasa kiwanda kile kilikuwa na utaratibu wake. Chungu kikijaa, kinafunikwa kwa jani la mgomba. Juu ya jani unapakwa udongo mbichi. Meneja anakuja, anaukanyaga ule udongo, chap! Alama ya mguu wake inabaki pale. Na sheria ya pori aliyoisimamia Hakimu Tembo ilikuwa fupi: tumbo la mnywaji likiuma, anatafutwa mwenye mguu.

Meneja wa kwanza alikuwa Nguchiro. Akakanyaga, chap! Watu wakanywa, watu wakaugua. Mtoto wa Twiga alilala siku nne hawezi kusimama. Hakimu Tembo akauangalia udongo, akaona mguu wa Nguchiro, akamhukumu Shimo la Mhanga, lile lililochimbwa na yule mla mchwa, masika matatu bila kuona jua. Na Kiboko je? Kiboko alilia mahakamani, machozi ndoo nzima. "Kijana wangu! Nilimwamini mimi!" Mnafiki mkubwa yule, lo!

Nguchiro alikuwa na rafiki yake wa chanda na pete, jina lake Pimbi. Si mnamjua Pimbi? Mdogo, hana mkia, anakaa kwenye mawe. Siku hizi mkitaka kumdharau mtu mnamwita pimbi. Haya, mdharauni tu. Pimbi akaenda shimoni, akainama, akaita.

"Rafiki yangu, ulitia maji machafu?"

"Sikutia maji. Nilitia mguu tu."

"Maji alitia nani?"

"Mwenye kiwanda."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Wakaniuliza, na huu mguu ni wa nani?"

Weee! Pimbi alipandwa na hasira mpaka manyoya ya mgongo yakasimama. Akatoka pale mbio, tita tita tita, mpaka kwa Hakimu Tembo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema?"

"Nina swali la sheria. Aliyetia mguu anajibu. Sawa. Na kama mwenye kiwanda alijua togwa ni mbaya, akanyamaza?"

Tembo akapepea masikio, fapa, fapa. "Aliyejua akanyamaza, huyo ndiye mwenye kosa. Mwenye mguu namwachia."

"Basi mwachie Nguchiro! Kiboko alijua!"

"Nitajuaje kama alijua? Udongo nauona kwa macho. Moyo wa Kiboko uko ndani kule, nyuma ya mafuta yote yale. Labda aseme kwa mdomo wake, mbele za watu."

"Akisema?"

"Akisema, rafiki yako anatoka siku hiyo hiyo."

Shikeni hapo, maana ndipo palipo na utamu. Tembo alikuwa ametoa amri kwamba lifunguliwe darasa la mameneja wajao, wafundishwe maadili na wajibu wao kisheria, yasitokee tena ya Nguchiro. Mwalimu akawa nani? Kiboko! Alijitolea mwenyewe. Eti nani atafundisha uaminifu vizuri kuliko aliyesalitiwa? Pori zima likapiga makofi!

Wanafunzi wakawa watatu: Kima, Kanga na Pimbi. Pimbi alikaa mbele kabisa. Kiboko akalala kwenye tope, akafungua mdomo ule.

"Meneja ni nani?"

"Ni mbebaji, mwalimu!"

"Anabeba nini?"

"Anabeba lawama!"

"Na mwenye kiwanda anabeba nini?"

"Anabeba tumbo lake!"

"Vizuri sana. Maswali?"

Pimbi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama mwenye kiwanda alijua togwa ni mbaya?"

"Swali zuri. Kaa chini."

Siku ya pili hivyo hivyo. Meneja ni nani, ni mbebaji, anabeba nini, lawama. Pimbi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama alijua?" "Swali zuri. Kaa chini." Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne Kanga alianza kusinzia, Kima akawa anatafuta chawa, lakini Pimbi mkono juu! "Swali zuri. Kaa chini."

Unajua Kiboko alimwonaje? Alimwona mjinga. Mtu anayeuliza swali moja kila siku na kukubali kukaa chini, huyo ndiye meneja anayemfaa! Mahafali yalipokaribia akamwita kiwandani. Vyungu saba vimejipanga, udongo mbichi juu.

"Pimbi, kijana wangu, umekuwa wa kwanza darasani. Wewe ndiye meneja mpya. Kesho pori zima linakuja kunywa kwenye mahafali yenu. Kanyaga."

Pimbi akanusa. Uuuh! Harufu ilimpanda puani mpaka machozi. Ndiyo yale yale, dimbwi tupu! Akiondoka, atachukuliwa Kima, Kima atakanyaga bila kunusa, na Nguchiro ataozea shimoni. Akikanyaga, na Kiboko asiposema, yeye mwenyewe shimoni, na watoto wake wanne wabaki mapangoni na mama yao. Akainua mguu, wanangu, akaurudisha chini, akauinua tena. Mnadhani kutia mguu ni mchezo?

Akakanyaga. Chap! Chap! Chap! Chap! Chap! Chap! Chap! Saba.

"Asante, bosi," akasema. Akaenda zake, na hakula chochote siku ile.

Kesho yake, loo, watu! Pundamilia kaja na ukoo wake, Ngiri kaja na wanawe mkia juu, mama Twiga kaja na yule mtoto aliyeugua, amepona, ana kiu. Hakimu Tembo kakaa mbele. Vyungu saba viko katikati. Mtoto wa Twiga ameshanyoosha shingo, ulimi nje, kidogo tu aguse!

Pimbi akaruka juu ya chungu cha kwanza. "Hodi, wakubwa! Hodi, wadogo! Asinywe mtu! Mila yetu ya kale ya togwa ikoje, ile tuliyoiacha?"

Wazee wakajibu kwa sauti moja, "Mwenye togwa aonje kwanza, atoe uchawi!"

"Anaonja kiasi gani?"

"Kata moja kila chungu, mpaka kata ionyeshe kitako!"

"Na akionja mwingine?"

"Aliyeonja kwanza ndiye mwenye togwa, na kiwanda ni chake!"

"Mwalimu wangu mpenzi," Pimbi akainama mpaka pua ikagusa chini, "ulitufundisha maadili kwa maneno. Leo tufundishe kwa mdomo. Karibu."

Kiboko akakohoa. "Mimi... mimi leo nimeshiba."

"Kata moja tu, mwalimu."

"Mimi leo jino linauma."

"Togwa haitafunwi, mwalimu."

"Basi meneja aonje kwa niaba yangu! Si yeye aliyetia mguu?"

"Kwa furaha!" Pimbi akaruka chini, akafunua jani, akadaka kata, akaichovya, akainyanyua mpaka mdomoni. "Mashahidi mpo? Naonja kwanza. Kiwanda kinakuwa cha nani?"

"Chako!" pori likaitikia. "Chako, Pimbi!"

Kiwanda? Kiwanda chake Kiboko? Apewe kitu kisicho na mkia? Kiboko alikurupuka, akampokonya ile kata, akafumba macho, akanywa. Gubu, gubu, gubu!

"Tamu?" Pimbi akauliza.

"Ta... tamu."

"Chungu cha pili!"

Gubu, gubu, gubu! "Tamu?" "Tamu." Macho yamemtoka. "Chungu cha tatu!" Gubu, gubu, gubu! Tumbo likaanza kusema, ngrrr, ngrrr. "Tamu?" Kiboko akaitikia kwa kichwa tu. "Chungu cha nne!"

"Meneja aonje hiki!"

"Kwa furaha! Mashahidi mpo?"

"Lete hapa!" Gubu, gubu, gubu! Ngrrrr! Bububububu! Jamani, tumbo lile lilinguruma mpaka Kanga akaruka akidhani mvua. Kiboko jasho, Kiboko miguu imebana, Kiboko anageuka huku na huku na watu wamemzunguka pande zote.

"Chungu cha tano, mwalimu!"

"Nipisheni!"

"Kwani kuna nini, mwalimu? Si tamu?"

"Tamu nini! Ni maji ya dimbwi langu! Nilitia mwenyewe, najua kilichomo! Nilijua mwaka ule, najua mwaka huu! Nipisheni, nakufa!"

Mtoto wa Twiga akarudisha ulimi ndani.

Hakimu Tembo akasimama polepole. "Umesema ulijua?"

"Nimesema nipisheni!"

"Kabla ya hapo."

Mama Twiga akamvuta mwanawe nyuma, akamtazama Kiboko kwa macho mekundu. "Amesema alijua! Mwanangu alilala siku nne, na huyu alijua! Tumesikia sote!"

"Tumesikia!" pori likanguruma. Wakampisha, akapita mbio, brrrrr, nyuma yake sisemi kulikuwa na nini, nyie bado hamjala. Akaruka dimbwini, chubwii!

Vyungu vyote saba vikamwagwa. Nguchiro akatolewa shimoni siku ile ile, macho yanamuuma kwa jua, anacheka na kulia pamoja. Pimbi akamkumbatia, wakaanguka wote wawili. Kiboko akahukumiwa Shimo la Mhanga, ikaonekana haingii hata kichwa. Basi Tembo akaamuru akae humo humo kwenye dimbwi lake, masika matatu. Kuhesabu hajui. Mpaka leo yumo, anatoa pua tu, pffuu! "Bado?" "Bado!" Anazama tena.

Kiwanda je? Ilipikwa togwa mpya kwa maji ya chemchemi, Pimbi akaonja wa kwanza, mashahidi wapo, kikawa chake. Akamwita rafiki yake. "Nguchiro, wewe ndiye meneja wangu. Udongo huo hapo, kanyaga."

Nguchiro akautazama ule udongo. Akamtazama Pimbi. "Wewe ni rafiki yangu, umenitoa shimoni, Mungu akulipe. Tangulia kukanyaga."

Pimbi akataka kukasirika. Akafungua mdomo aseme "swali zuri, kaa chini," akaufunga. Akaona haya, wanangu, akaona haya sana. Akapanda chunguni, akakanyaga, chap! Ndipo Nguchiro akakanyaga pembeni yake, chap! Mpaka leo vyungu vya kule vina miguu miwili.

Nami nikafunika chungu, nikaja zangu. Funzo je? Mnaandika? Andikeni. Funzo ni kwamba bosi asionje kamwe bidhaa yake. Kiboko angeivumilia kiu yake angekuwa tajiri mpaka leo. La pili, darasa la maadili ni hatari, lisifunguliwe popote, maana hakosekani mwanafunzi mmoja atakayelielewa. La tatu nimelisahau.

"Chungu kimefunikwa?"

"Kimefunikwa!"

"Kwa mguu wa nani?"

"Wa mwenyewe, Bi Sikudhani!"

Ahsanteni. Haya, togwa ipo pale kantini, ya leo leo, imepoa, jipangeni mstari. Mbona hamsogei? Nani huyo? Wewe mwenye tai, umesema nini? Eti nionje kwanza? Hivi una adabu wewe? Mimi ni sawa na bibi yako!

Haya, lete kata.