Kura ya Kwato

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mbona hamkuitika? Au sauti zenu hazihesabiwi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walimfukuza Simba. "Sasa tunajitawala!" wakashangilia. Lakini kiu iliwabana. Basi Mhanga, mama mwenye pua ndefu na kucha ngumu, akachimba kisima. Chwa! Chwa! Chwa! Maji yakabubujika, wote wakanywa.

Nyati akasema, "Tumchague mlinzi wa kisima. Yeye ataamua nani anywe kwanza. Kila mmoja akanyage tope mbele ya amtakaye. Alama ya mguu ndiyo kura."

Mhanga akaja na wanawe. Akainua mguu.

"Simama hapo!" akafoka Nyati. "Kura ni ya kwato. Wewe una kucha. Wenye kucha ni ukoo wa Simba."

"Simba alimla mume wangu! Ukoo wake nimekuwa lini?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Imetungwa lini?"

"Leo asubuhi."

Mhanga akanusa. Nf! Nf! Akamgeukia Punda Milia. "Jirani, jambo hili linanuka. Leo kucha. Kesho je?"

Punda Milia akacheka mpaka meno yote nje. "Una wasiwasi wa bure! Mimi nina kwato, yananihusu nini?"

"Haya. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

Nyati akashinda. Wenye kucha wakawa wanakunywa mwisho, yaani wakinywa tope. Msimu wa kura ukarudi. Punda Milia akaja kwa maringo, akainua mguu.

"Simama hapo! Kwato yako ni nzima. Kura ni ya kwato zilizopasuka."

Punda Milia akamtazama Mhanga. Mhanga hakucheka. Aliumia.

Kikaja kiangazi. Kisima kikaporomoka, gubu! Nyati akachimba kwa kwato, udongo ukazidi kumiminika ndani. Akaenda kwa Mhanga, sauti imelainika.

"Dada yetu, chimba. Tukishakunywa, utapiga kura."

Nf! Nf! "Mlishakunywa mara ya kwanza, mkasahau. Kura kwanza. Tena ya wote, si yangu peke yangu."

"Wanao nao wana kiu."

Moyo wa Mhanga ulimchoma, maana watoto walikuwa wakilia. Lakini akasema, "Wangu wameizoea. Wako je?"

Nyati akainamisha pembe. "Tope lenyewe halipo."

"Vumbi lipo."

Wakakanyaga vumbi, wenye kwato na wenye kucha. Mbele ya Nyati zilikuwepo alama chache. Mbele ya Mhanga vumbi lilivurugika lote. Ndipo akachimba. Chwa! Chwa! Chwa! Nyati akapanga foleni, akanywa kwa zamu yake.

Ndiyo maana hadi leo mhanga hutembea pua chini. Nf! Nf! Bado hajaamini.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: anayemnyima jirani yako kura leo, kesho atatafuta sababu ya kukunyima wewe. Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Mwenye kiu apange foleni.