Kengele ya Dohani Nne

Sogeeni, na asisinzie mtu, maana mwishoni nitawauliza.

Zamani za Vita vya Mjerumani palikuwa na manowari ya deraya nzito, watu wa pwani wakaiita Dohani Nne kwa mabomba yake manne ya moshi. Ilizeekea katika bahari zetu ikifukuza meli za adui na kumeza makaa bila kushiba. Humo walikuwamo Waunguja watatu. Vuai alikuwa rubani, akijua kila mlango wa bahari. Mbaruku alichochea moto wa mitambo, na joto lililowakimbiza wengine yeye alilizoea. Sadala alikuwa mkalimani. Kipaji chake kilikuwa ulimi, na akijisikia nao kweli kweli.

Siku moja nahodha alitaka kupita mlango mwembamba karibu na mizinga ya adui. Vuai akaonya kwamba ni maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sawasawa. Sadala, kijana wa makaratasi, hakulijua neno hilo na akaona haya kuuliza. Akamwambia nahodha kwamba maji yametulia. Meli ikaingia, ikapanda fungu, ikakwama kwenye maji machache.

Vuai akaonyesha upande wenye mchanga laini, meli irudi nyuma. Mbaruku akachochea mpaka viganja vikababuka, mvuke ukapata nguvu. Sadala akasimama kati ya rubani na nahodha, makombora yakianguka, akafikisha kila neno, na asilolijua akaliuliza. Angekosekana mmoja wao, wasingetoka.

Lakini kosa la kupanda fungu aliandikiwa Vuai, akavuliwa urubani. Sadala alinyamaza.

Miaka ikapita, Dohani Nne ikapelekwa kuvunjwa. Nahodha akawaletea kengele ya meli, moja tu, achukue aliyeiokoa meli, waamue wenyewe. Mbaruku na Vuai wakamsukumia Sadala.

"Bila ulimi wako tungekufa pale pale," Vuai alisema.

Sadala alitamani ardhi immeze. Aibu aliyoificha miaka yote ikamshinda, akawaeleza habari ya lile neno, macho yake chini.

"Kila siku nilijiuliza nimekosea wapi," Vuai akasema.

Sasa kengele iko mezani. Mbaruku hawezi hata kuikamata vizuri, viganja vimekufa ganzi. Vuai alibeba lawama isiyo yake. Sadala ndiye aliyeipandisha meli fungu, akasaidia kuishusha, kisha akasema kweli ambayo hakuna mtu angeijua. Amesimama mlangoni, hathubutu kukaa.

Haya, wewe kengele ungemkabidhi nani?