Kesi ya Mkwaju Iliyoamuliwa kwa Uji

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi akialikwa harusini alikwenda na zawadi akarudi na njaa yake, paliondokea mjane mmoja akiitwa Bi Kindi. Alikuwa na watoto pacha, Kokwa na Ganda, na wote watatu walikaa katika tundu la mkwaju ukingoni mwa mbuga. Hapakuwa na mti mwingine. Ni majani matupu, na juu yake mwewe anazunguka, anazunguka, kama mtu aliyepoteza sindano.

Siku moja akaja Nyati. Hakuja kwa shari, alikuja kujikuna. Akaegemeza mgongo wake kwenye mkwaju, kwaru, kwaru, kwaru, macho kayafumba kwa utamu. Mti ukatikisika. Kwaju zikadondoka, na Ganda naye akadondoka, puu.

“Shikamoo, Bwana Nyati,” alisema Bi Kindi, huku akimpangusa mwanawe vumbi.

“Marahaba. Nani huyo?”

“Mimi hapa chini. Mti unaojikunia ni nyumba yangu.”

Nyati akafumbua jicho moja. “Nyumba? Mama, huu ni mti wa kujikunia. Nimeupima kwa mgongo, umenikaa. Nitarudi na ndugu zangu nao waupime. Wewe hamia kwenye kichuguu kile pale.”

“Kichuguuni anakaa nyoka.”

“Basi msalimie.”

Bi Kindi alipiga hesabu moja tu kichwani: mti ukienda, mwewe atakula watoto wake kabla jua halijazama. Akafunga kanga yake kiunoni, akaenda kushtaki kwa Bi Kanga.

Huyu Bi Kanga, mwenye gauni la madoadoa, ndiye aliyekuwa na jiko la baraza. Maana katika mbuga ile ugomvi haukuamuliwa kwa pembe wala kwa meno. Uliamuliwa kwa uji. Wagombanao waliwekewa kila mmoja chungu chake na unga wake wa mtama, wakakoroga mbele za watu. Wa uji laini alipewa haki yake. Wa uji wa madonge alikwenda zake. Wakubwa walisema mwenye haki moyo wake umetulia, na moyo uliotulia hausahau mwiko. Kusema ruhusa, kucheka ruhusa, kusukumana hapana.

Nyinyi wajukuu zangu mmekuja na neno lenu la shuleni, fokasi. “Fokasi, wewe, fokasi,” na anayemwambia mwenzake ndiye kijiko chake kimeingia puani. Neno si baya. Lakini kutaja chumvi hakukolezi mchuzi. Maana yake ndiyo hiyo ya jikoni kwa Bi Kanga: jicho, mkono na moyo vikae kwenye chungu kimoja.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kindi ni kindi. Jani likianguka, shingo imegeuka. Mdudu akikohoa, shingo imegeuka. Bi Kindi alijijua. Alikaa juu ya tawi lake akawaza, na sauti ya marehemu mama yake ikamjia kama yuko pembeni anapepeta: “Mwanangu, huwezi kuiziba dunia mdomo isikuite. Kinachokuita kuliko vyote, kifunge karibu nawe kabla hujashika mwiko.”

Bi Kindi akajiuliza, mimi kinaniita nini kuliko vyote? Akawatazama Kokwa na Ganda wakigombania kokwa la ukwaju. Kisha akajiuliza, na Nyati je, kinamwita nini kuliko vyote? Akacheka peke yake mpaka watoto wakamwuliza ana nini.

Siku ya kesi watu walijaa. Nyati alikuja na mwiko mrefu kama mchi, na nyuma yake Fisi, aliyeahidiwa ukoko ili kazi yake iwe kupiga domo tu. Bi Kindi alipinduliwa kinu, akasimama juu yake ndipo akakifikia chungu.

“Mama watoto,” Nyati alisema, “usije ukatumbukia, tukakunywa.”

Watu wakacheka. Bi Kindi naye akacheka. Kisha akainama kwa wanawe. “Shikeni mkia wangu, wewe upande huu, wewe upande huu. Msiuachie hata mkisikia nini. Nikiyumba, vuteni nijue mpo.”

Maji yakachemka. Unga ukamiminwa. Bi Kanga akasema, “Haya, korogeni.”

Fuku, fuku, fuku. Nyati alikuwa na mkono wa nguvu, chungu kizima kilizunguka pamoja na mwiko. Bi Kindi alikwenda polepole, chini mpaka juu, pembeni mpaka katikati.

Fisi akasogea. “Bi Kindi, hizi korosho nyuma yako ni za nani? Zimemwagika.”

Shingo ya Bi Kindi ikashtuka kidogo. Akaibana kwa meno ya moyo. Mwiko ukaenda.

“Bi Kindi, mkia wako unaungua.”

Mwiko ukaenda.

Fisi akamtazama Nyati, Nyati akamkonyeza. Basi Fisi akajishika kichwa, akapaza sauti. “Jamani, mwewe. Mwewe kamchukua mtoto. Yule mdogo, Ganda, maskini, anaonekana miguu tu.”

Baraza zima likatazama juu. Na Bi Kindi, mwanangu wee, damu yake ilisimama. Mwiko ulilegea mkononi. Chunguni likavimba povu moja kubwa, bwii, likitaka kuwa donge. Mama gani asigeuke?

Mkia ukavutwa upande huu, vut. Ukavutwa upande huu, vut.

Wote wawili.

Bi Kindi akalipasua lile povu kwa ncha ya mwiko, akaendelea kukoroga. “Ahsante kwa habari, shemeji,” alisema bila kugeuka. “Akirudi huyo mwewe, mwambie mtoto hajanywa uji.”

Sasa ikawa zamu yake. Akaanza kuimba, wimbo wa kukorogea, polepole, mkono ukifuata wimbo na wimbo ukifuata mkono:

*Koroga, koroga, nimsifu Nyati,*
*koroga, koroga, mwenye pembe fupi.*

“Pembe fupi?” Nyati akauliza. Mwiko wake ukapungua mwendo.

“Uniwie radhi, bwana. Moshi umeniingia machoni.” Akaendelea:

*Koroga, koroga, siku ya Simba,*
*koroga, koroga, Nyati kapanda mti.*

Watu wakaangua kicheko. Nyungunyungu wa mwisho kabisa kule nyuma alicheka.

“Nani alipanda mti?” Nyati akanguruma. “Simba nilimrusha. Nilimrusha mimi.”

“Ndiyo, bwana, huenda,” alisema Bi Kindi, jicho chunguni. “Ila Kifaru anasema aliyemrusha ni yeye. Anasema wewe ulimshikia kilemba chake kisichafuke.”

“Nilimshikia kilemba?”

“Ndivyo anavyosema. Mimi sikuwapo. Labda kilikuwa kilemba kizuri.”

Hapo Nyati hakuwa tena na chungu, wala mti, wala kesi. Alikuwa na Kifaru tu kichwani. Akautupa mwiko chini, kwaa. “Tazameni nyote. Simba alisimama hapa. Fisi, njoo, wewe uwe Simba.”

“Mimi nilikuja kwa ajili ya ukoko,” alisema Fisi akirudi nyuma.

“Simama hapo. Mimi nikaja hivi, nikainamisha kichwa hivi, nikamtia pembe chini ya tumbo hivi...”

Fisi akapaa. Akapita juu ya baraza, miguu minne ikitafuta ardhi, akaangukia kwenye rundo la kuni, tifu. Watu wakashangilia. Nyati akavimba kifua.

“Kumbe ni kweli,” alisema Bi Kindi, mwiko ukizunguka. “Na ile siku ya mamba ilikuwaje, bwana?”

Nyati akaisimulia siku ya mamba. Akaisimulia na siku ya nyuki. Chungu chake nyuma kilisema bwiku, bwiku, kikanyamaza, kikaanza kutoa moshi.

“Wekeni miko chini,” alisema Bi Kanga.

Akaonja cha Bi Kindi. Uji ulichuruzika kutoka mwikoni kama uzi wa hariri, ukateleza kooni bila kubisha hodi. Akaendea cha Nyati. Akachomeka kijiko. Kijiko kikasimama chenyewe.

“Bwana Nyati, uji wako ni wa kutafuna.”

“Alinisemesha.”

“Kusema ruhusa. Na wewe ulimsemesha kwa mdomo wa Fisi.”

“Lakini yeye alisema uongo.”

“Ungemwachia uongo wake, ukabaki na uji wako. Mkwaju ni wa Bi Kindi na wanawe. Mgongo wako usiukaribie tena.”

Vigelegele vikapaa mpaka mwewe kule juu akahama mbuga. Kokwa na Ganda, midomo imejaa uji, walikuwa bado wameshika mkia, hakuna aliyewaambia waachie. Hata Fisi hakutoka bure. Kiuno kikimuuma, alitumbukiza kichwa katika chungu cha Nyati akala ukoko wake, na siku ile ulikuwa mwingi.

Nyati alisimama peke yake, akijinyonganyonga. “Na mimi mgongo wangu unaowasha, niupeleke wapi?”

“Kichuguu kile pale, bwana,” alisema Bi Kindi. “Kikavu, kinakwaruza vizuri.”

“Kichuguuni si anakaa nyoka?”

“Basi msalimie.”

Nami changu kimeiva, naepua, leteni vikombe. Na atakaye uji laini atazame chungu chake, asitazame midomo ya watu.