Usipande kwa Bakuli la Jirani

Huku kwetu Makete tunasema, “Usipande kwa bakuli la jirani.” Mlipoisikia leo mmecheka, mkauliza bakuli na kupanda vinakutana wapi. Sikilizeni ilivyoanza.

Tupokigwe alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Shemeji yake, Ngajilo, alimpa shamba dogo la bondeni, lenye unyevu hata kiangazi, apande karoti. Akamwambia, “Msimu mmoja tu. Ukishindwa, nalichukua.”

Huku, kuanzia mwezi wa sita, umande huganda ukawa sakitu nyeupe inayounguza miche. Kwa hiyo mkulima huweka bakuli la maji shambani jioni. Maji yasipoganda asubuhi tatu mfululizo, hupanda. Tupokigwe alikuwa na bakuli moja, akaogopa lisiibwe. Akaenda kumwuliza Mama Sanga, mwenye shamba pale juu mteremkoni.

“Langu halijaganda siku tatu,” alijibu Mama Sanga. “Panda, mdogo wangu.”

Akapanda. Wiki ya tatu miche ikachomoza, myembamba kama nyuzi. Asubuhi moja akaikuta imelala, imekuwa myeusi. Ya Mama Sanga ilikuwa imesimama.

Ngajilo akaja kuchukua shamba lake.

“Nipe siku moja, shemeji,” alisema Tupokigwe. “Nataka kujua kwa nini sakitu imenichagua mimi.”

“Sakitu haichagui mtu. Mkono wako mbaya.”

“Basi njoo kesho alfajiri uutazame huo mkono.”

Jioni ile aliweka bakuli lake bondeni, na la Mama Sanga likabaki juu. Alfajiri, mbele ya Tupokigwe na Mama Sanga, Ngajilo alitumbukiza kidole katika lile la juu. Maji. Wakateremka wote watatu. Katika lile la chini kidole kiligonga barafu.

Ngajilo aligeuka akatazama juu. “Mbona ni hatua mia mbili tu?”

“Nilipokuwa nashuka nilisikia baridi inazidi miguuni,” alisema Tupokigwe polepole. “Nadhani inateremka kama maji, ikifika huku inatuama.”

Mama Sanga alijifunika mdomo kwa khanga. “Kumbe nilikupa asubuhi zangu.”

Ngajilo akafuta kidole kwenye koti. “Kaa na shamba,” alisema. “Hesabu asubuhi zako.”

Mama Sanga akampa Tupokigwe mbegu zilizobaki. Bakuli la bondeni liliendelea kuganda siku kumi na nane. Wapita njia walimtania, “Wenzako wanapalilia, wewe unachunga bakuli?” Alingoja mpaka maji yasigande asubuhi tatu. Alipanda wa mwisho, akavuna karoti nene kama magunzi, na Ngajilo hakulidai tena shamba lile.

Mwaka uliofuata mwanamke mgeni wa bondeni alikuja kumwuliza kama bakuli lake limeacha kuganda. Tupokigwe aliingia ndani, akatoka na bakuli tupu, akampa.

“Nenda kaliweke kwako,” alisema. “Usipande kwa bakuli la jirani.”